Pindo la Bendera ya Kivumoni

Kwarakwacha! Umeme ulikuwa umekatika, na kopo la vifungo likamponyoka Saumu gizani.

"Afadhali," akasema. "Hili pindo limenichosha. Kwani nani atalitazama?"

"Bendera hupepea, pindo ndilo hushika," bibi yake akamjibu kutoka mkekani.

"Maneno hayo yametoka wapi, bibi?"

"Acha sindano, mjukuu wangu, usijidunge. Yalianza hivi."

Zamani mji wa Kivumoni ulikuwa na bendera ya buluu, na katikati yake nembo ya upana wa viganja viwili: ngao, na ndani ya ngao kaa aliyeshika ufunguo. Kila mtoto alipotimiza siku arubaini, mama yake alikwenda forodhani ilikopepea, akatia mshono mmoja kwenye nembo ile. Hivyo ndivyo mji ulivyowajua wanawe.

Akaja jemadari mgeni na askari wake. Akaamuru bendera ichomwe, na atakayekutwa na nembo ya kaa anyongwe. Mwanakombo, mshonaji wa bendera, akapewa ile ya zamani achukue kipimo cha bendera mpya ya jemadari, kisha aitie moto mwenyewe.

Alijifungia chumba cha ndani na mwanawe Kibibi, wa miaka minne. Alipoipapasa nembo, kidole kikakuta uzi mwekundu: mshono aliomtilia Kibibi, ule aliozoea kumwonyesha. Mkono ukakataa kuuchoma. Akaibandua nembo nzima, akaikunja, akaishonea ndani ya pindo la bendera mpya, lile linalofungwa kamba ya mlingoti. Kisha akachoma kitambaa kitupu.

"Mama, nimemwona kaa," Kibibi akanong'ona.

Mama akamshika mabega. "Hujaona kitu, mwanangu. Umesikia? Hujaona kitu."

Asubuhi akida wa jemadari akaipokea bendera, akalibinya pindo.

"We mama, mbona nono hivi? Umelilisha pilau?"

Askari wakacheka. Mwanakombo akajitia kucheka nao.

"Upepo wa hapa una meno, bwana. Pindo jembamba halimalizi wiki."

"Na wewe mdogo?" Akida akamwinamia Kibibi. "Mama ametia nini humu?"

Kibibi akajifunika kwa kanga ya mamake, asitoe hata mguno.

"Kumbe bubu!" akasema akida, akaamuru bendera ipandishwe.

Ikapanda na kushuka kila siku kwa miaka mitatu. Upepo wa kusi ulipovuma, Mwanakombo hakuweza kula. Alikodolea macho mlingoti, akiwaza nyuzi zikiachia. Kitambaa kikachanika kikawa matambara, pindo lisiachie. Naye Kibibi, tangu siku ile, hakufungua kinywa mbele za watu. Majirani wakaamini ni bubu kweli.

Wageni walipoondoka, wazee waliyashusha matambara yale. Mwanakombo akalifumua pindo mbele ya mji mzima. Akatoka kaa, na ufunguo wake gandoni.

Watu wakasogea kumtazama kaa. Kisha mzee mmoja akasema polepole, "Kumbe bendera hupepea, pindo ndilo hushika."

Kibibi akajipenyeza katikati yao, akaweka kidole kwenye uzi mwekundu, akasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Huu mshono ni wangu."