Kalamu, Hati na Jina

Sogeeni ndani, mwenye mtoto ampakate, mlango tuuegemeze tu, maana huko nje kunanyesha na hadithi hii ni ya watu walionyeshewa. Palikuwa na watu watatu, Mbeya hiihii. Mmoja alikuwa na kalamu, mmoja alikuwa na hati, mmoja alikuwa na jina.

Mwenye kalamu aliitwa Mwalimu Sekela, mkuu wa shule ya bweni ya mtu binafsi, na sahihi yake ikishakaa kwenye karatasi basi jambo limekwisha. Mwenye hati aliitwa mzee Mwaisaka wa kule Rungwe, mgane, ana shamba la migomba na hati ya kimila ya shamba hilo, anaitunza ndani ya mfuko wa mbolea chini ya godoro. Mwenye jina aliitwa Tusajigwe, karani wa mishahara katika kiwanda cha kufungasha majani ya chai, miaka tisa kazini, hadaiwi, hasemwi, popote ulipolitaja jina lake watu waliitikia vizuri.

Na katikati yao alikuwa Subilaga, ambaye hakuwa na kalamu wala hati wala jina. Alikuwa na mtoto anayekohoa.

Mtoto mwenyewe ni Lugano, mwaka mmoja na miezi miwili. Chumba walichopanga Ilemi kilikuwa karibu na mto, ukuta unatoa maji kiangazi na masika, ukifuta leo ukungu umerudi kesho, na mtoto alishalazwa mara mbili, mara ya pili wakamwekea mpira wa hewa puani, na Subilaga akasimama pale akihesabu mbavu za mwanawe zinavyopanda na kushuka, akaogopa hata kukaa chini, kana kwamba akikaa zitasimama. Daktari akamwambia, "Mama Lugano, dawa ninayo. Lakini ukimrudisha kwenye chumba kile, utanirudishia mimi mgonjwa, na mara ya tatu sikuahidi kitu."

Basi akaitafuta nyumba kama mtu anayetafuta maji. Akaiona Uyole, ndogo, vyumba viwili na sebule, lakini ukuta mkavu, ukiweka kiganja kinatoka kikavu. Akaomba mkopo wa nyumba benki. Mume wake, Gwakisa, alikuwa fundi wa pikipiki, fundi hasa, lakini hana hati ya mshahara, na mtu asiye na hati ya mshahara benki inamhesabu kama hajazaliwa. Kwa hiyo mkopo ulisimama juu ya Subilaga peke yake, mtunza bohari wa kile kiwanda cha chai, miaka minne. Karatasi zikapita moja moja. Ikabaki moja tu: afisa wa benki afike kiwandani ahakikishe kwamba kweli Subilaga ameajiriwa hapo.

Katikati ya hapo ndipo Mwalimu Sekela akampigia. Shule inataka mtunza stoo, mshahara umezidi ule wa kiwandani, na mtoto anaruhusiwa kuja naye. Lakini aje wiki ijayo, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Subilaga hakumuuliza mtu. Alidhani benki itafurahi, ungekuwa wewe si ungedhani hivyo, mshahara umepanda, atalipa vizuri zaidi. Akaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa pale kiwandani walikuwa na desturi, mtu haondoki bila kuagwa. Hata mlinzi aliyefukuzwa kwa kulala aliagwa. Tusajigwe akapitisha daftari la michango, akanunua keki, wakaandika juu yake kwa sukari ya kijani "Nenda Salama Dada Subi", wakanunua soda, wakasogeza magunia ya chai wakapata ukumbi. Wakati anapigwa picha, kisu mkononi, akaingia kijana mwembamba mwenye begi la mgongoni. Wakamdhania mgeni wa bosi. Wakampa kiti, wakampa keki, kipande kikubwa, chenye neno "Salama".

Yule kijana akauliza kwa adabu, leo kuna nini.

Mpishi, mdomo umejaa, akamjibu, "Tunamuaga huyu hapa. Anatuacha kwenye vumbi, amepata kazi ya watu."

Kijana alimaliza keki yake kwanza. Akafuta vidole. Ndipo akafungua begi na kutoa fomu ya benki.

Kesho yake Subilaga alikaa benki mbele ya meza ya kijana yule, Lugano mgongoni, akaeleza mshahara mpya mara tatu. Yule afisa hakuwa mtu mbaya. "Dada," akasema, "benki haiangalii mshahara uliopanda. Inaangalia mshahara uliokaa. Kule unaanza miezi sita ya matazamio, na mtu wa matazamio anaweza kuamka kesho hana kazi. Karatasi zako zinasema umeajiriwa miaka minne, na mimi nimekula keki ya kukuaga."

Akampa mwezi mmoja. Alete barua ya kuthibitishwa kazini. Alete dhamana ya ziada. Alete mdhamini mwenye ajira ya kudumu. Vyote vitatu. Kikikosekana kimoja, nyumba inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Subilaga akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za benki, na mtoto akaanza kukohoa.

Basi sikilizeni walivyokuja.

Akaja mwenye kalamu. Subilaga hakuthubutu kumwomba, wiki tatu kazini utaombaje kuthibitishwa, lakini Mwalimu Sekela aliingia stoo kuchukua chaki akamkuta analia juu ya gunia la maharage, akamtoa maneno yote. Sheria ya shule ilimruhusu mkuu kumthibitisha mtu mapema akiridhika naye. Mwenye shule ndiye hakupenda, yeye desturi yake ni watu wakae matazamio hata miaka mitatu ili awaondoe siku yoyote anayotaka. Mwalimu Sekela alikuwa na mume aliyepooza, wanaishi nyumba ya shule, alijua anachokigusa. "Mimi ndiye niliyekuharakisha," akasema. "Kama ningekwambia subiri mwezi mmoja, ungekuwa na nyumba." Akaandika barua palepale, juu ya ndoo ya mafuta ya kupikia, akatia sahihi.

Akaja mwenye hati. Huyu mzee Mwaisaka ndiye baba yake Gwakisa, na kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Akipita njia hii wewe unapita ile, hamuitani, hamlali chini ya paa moja. Vijana wengi wameshaiacha, mzee Mwaisaka hakuiacha. Miaka mitano ya ndoa Subilaga hajawahi kumwona uso, anamjua kwa kikohozi tu. Siku hiyo akakisikia nje ya dirisha, akajificha nyuma ya pazia, na mzee akasimama upande wa pili wa ukuta, akasema na mwanawe kwa sauti ya kusikika ndani. "Gwakisa, mwambie mama Lugano, mtoto anakohoa kama mimi. Mimi nimeshakula miaka yangu, yeye bado. Shamba ni hili hapa." Mfuko wa mbolea ukapita dirishani. Mkono ukarudi. Subilaga aliuona ule mkono tu, una udongo kwenye kucha.

Akaja mwenye jina. Tusajigwe alifika na hatia yake, maana keki aliinunua yeye, tarehe aliipanga yeye. Akasema angeiahirisha siku moja tu mambo haya yasingekuwa mambo. Subilaga akamwambia aende kwanza akamuulize mume wake, maana kudhamini si kuazimana sahani. Tusajigwe akacheka. "Nikimuuliza atakataa, na akikataa nitakuwa nimemvunjia amri. Bora asijue, nisivunje kitu." Akaandika jina lake chini ya fomu, majina matatu, la mwisho la mume.

Ukitoa kalamu, hakuna nyumba. Ukitoa hati, hakuna nyumba. Ukitoa jina, hakuna nyumba. Ufunguo ukapatikana siku moja kabla ya mwezi kuisha. Chumba kimoja wakaingia Subilaga, mume na mtoto, kingine wakakifunga, wakasema hiki ni cha yeyote kati ya wale watatu atakayekuwa na shida, tumlipe kwa hicho. Walisema hivyo kwa furaha, kama watu wanaosema jambo la mbali. Lugano akakohoa wiki ya kwanza, akakohoa ya pili kidogo, ya tatu hakukohoa, na mama yake akawa anamwamsha kwa woga kuhakikisha yu hai.

Kisha ikaja masika, na shida haikuchagua mtu mmoja.

Mwenye shule akaja kutoka Dar, akaikuta ile barua kwenye faili. Hakuweza kumgusa Subilaga, ameshathibitishwa, karatasi inamlinda. Akamgusa aliyeiandika. Mwalimu Sekela akaambiwa akabidhi ofisi, na nyumba ya shule iwe tupu Jumamosi. Subilaga anapita mbele ya ofisi ile kila asubuhi kusaini kitabu cha mahudhurio, na ndani ameketi mtu mwingine.

Upepo ukaezua nyumba ya mzee Mwaisaka kule Rungwe. Akawaita wanawe wengine wawili waje na mabati. Hawakuja. Walimjibu kwamba aliyepewa hati ndiye amwezekee, wao hawajui kuna mzee. Akalala siku nne chini ya migomba ambayo si yake tena sawasawa, kikohozi kikashuka kifuani.

Mume wa Tusajigwe akapigiwa simu na benki, kuhakiki tu anwani, jambo dogo kabisa. Akarudi nyumbani akamuuliza mkewe lile jina la mwisho kwenye fomu ni la nani. Hakumpiga. Alimfungia mizigo yake vizuri kabisa, akaiweka barazani, akamwambia, "Nenda ukakae kwenye nyumba uliyoijenga kwa jina langu." Na Tusajigwe ana mimba ya miezi minane.

Jumamosi saa nne asubuhi, mvua ile ya Uyole inayokuja na ukungu. Tusajigwe amesimama mlangoni na begi, anatabasamu kwa aibu, anasema ni siku chache tu, na miguu imevimba hadi viatu vimekanyagwa visigino. Getini kuna pikapu, nyuma yake amelala mume wa Mwalimu Sekela chini ya turubai, na Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa anasimamisha shule nzima kwa kukohoa tu, ameshika ncha ya turubai isimdondokee mumewe usoni. Hakuomba. Alisema, "Subilaga, kama hamna nafasi niambie upesi, dereva ananihesabia." Na ng'ambo ya barabara, juu ya jiwe, ameketi mzee mmoja chini ya mwavuli uliovunjika mbavu, ameipa nyumba mgongo ili mkamwana wake asilazimike kujificha. Anakohoa. Subilaga alimjua kabla hajamwona.

Najua mnachotaka kusema. Msiseme sebuleni, sebule ile ukitandika godoro mlango haufunguki. Msiseme wakae pamoja, mjamzito alale na mume wa mwenzake aliyepooza anayegeuzwa kila baada ya saa mbili? Msiseme wapangishiwe, benki imeshakula mshahara wa mwezi mzima. Wala msiseme waende kwa ndugu, mwenye pa kwenda haji kwa mtu kwenye mvua hii. Na mzee yule akiingia, halali na mkamwana chini ya paa moja, atakufa kwanza. Kumfungulia yeye ni Subilaga kumfunga Lugano mgongoni na kurudi Ilemi, kwenye ule ukuta, na daktari alishasema kuhusu mara ya tatu.

Gwakisa alitazama jiwe lile la ng'ambo. Alisema neno moja tu, "Baba," kisha akamtazama mtoto, akaingia ndani.

Subilaga akabaki kizingitini. Ufunguo wa chumba cha pili ulikuwa mkononi, ameubana hadi umemchora kiganja. Kiganja kilikuwa kimelowa, na ukuta nyuma yake mkavu. Dereva wa pikapu akapiga honi. Tusajigwe akashika tumbo. Mzee akakohoa, na ndani, kwa mara ya kwanza tangu ile wiki ya tatu, mtoto naye akakohoa.

Hadithi yangu inasimama hapo kwa sababu na mimi sijui. Mmoja alitoa kalamu akapoteza kazi, mmoja alitoa hati akapoteza paa, mmoja alitoa jina akapoteza ndoa. Ninyi mnaonisikiliza mmeketi pakavu. Haya, ufunguo ni mmoja, nauweka hapa katikati yetu. Nani kati yenu atauchukua, na atamfungulia nani?