Mkungu Uliotafuta Maji

Ilikuwa siku ya nne ya Mfungo Tatu, saa mbili asubuhi, mwaka ambao hata babu yangu aliusikia tu. Mji ulikuwako? Itikieni, wajukuu zangu: ulikuwako! Na watu wake? Walikuwako!

Saa hiyo Mzee Shomvi, kipofu, alijikwaa mbele ya msikiti akavunjika mkono. Mizizi ya mkungu, ule mti mkubwa wa kivuli, ilikuwa imeinua mawe ya njia, yamekaa upogoupogo kama meno yangu haya. Msicheke.

Mkungu ule aliupanda marehemu Shee Mbwana, mume wa Bi Mwanahawa. Mtoto hawakujaliwa. Mti ndio aliomwachia.

Fundi Vuai, ndugu wa marehemu, akaja na shoka.

“Shemeji, mti huu hauna adabu. Mara tatu nimetengeneza njia, mara tatu umeibomoa.”

“Na mara tatu umeukaba koo kwa chokaa!” akajibu Bi Mwanahawa. “Hata wewe ungepiga mateke.”

Watu wakacheka. Vuai hakucheka. “Ijumaa, kabla ya sala, naukata.”

Bi Mwanahawa akaketi penye njia. Akatazama siku ya kwanza, akatazama siku ya pili. Watu wanatawadha kwenye birika la msikiti, maji yanateremka mferejini, yanapita chini ya mawe. Akafunua jiwe: mzizi. Akafunua la pili: mzizi. La tatu, penye pakavu: hamna kitu.

“Vuai, njoo uone! Mti hauna ugomvi nawe. Una kiu. Maji yanapita juujuu, nao umeyafuata juujuu.”

Fundi akapiga magoti, akachokoa. Kisha akasema polepole, “Mfereji huu niliujenga mimi, shemeji.”

Akaweka shoka, akashika jembe. Wakachimba, wanangu, wakachimba! Shimo refu upande wa pili wa mti, wakalijaza mawe yaliyovunjika, maji ya udhu yakaelekezwa humo yazame chini. Shinani wakaacha udongo wazi, hatua mbili kila upande. Njia wakaipindisha ikaupisha mti.

Ijumaa Mzee Shomvi akaja na fimbo yake, mkono umefungwa shingoni. Bi Mwanahawa akaziba pumzi. Mzee akapita mpaka mlangoni, asijikwae.

“Nani kaitengeneza njia hii?” akauliza.

“Mimi,” akasema Vuai, “baada ya kufundishwa.”

Mizizi ikayafuata maji chini, na mawe hayakuinuka tena.

Basi, wanangu, kabla hujamkata anayekukera, tazama umemnyima nini. Kisa changu kimefika kwao, kimevua viatu. Mola amrehemu Shee Mbwana, amrehemu Bi Mwanahawa. Na bibi yenu, aliyenisimulia haya, Mola ampe kivuli siku isiyo na kivuli ila Chake. Amina.