Panga Lililong'aa

Mtu mmoja aliyeitwa Rwechungura alikuwa na shamba la migomba aliloachiwa na baba yake. Dada yake, Kokusima, alikuwa mfasiri. Mwaka mmoja mnyauko, ugonjwa unaoua migomba, uliingia kijijini. Majani yakageuka manjano, ndizi zikaoza zikiwa bado mkunguni. Wataalamu wakaandika kitabu kwa Kiingereza kueleza namna ya kuuzuia, na Kokusima akapewa kazi ya kukitia katika Kiswahili.

Pale wataalamu walipoagiza kwamba vimelea viuawe kwenye panga kila linapokata mgomba mgonjwa, yeye aliandika: "Safisha panga." Ilikuwa sentensi fupi, tamu mdomoni, naye aliipenda. Kabla kitabu hakijaenda mtamboni kuchapwa akampelekea kaka yake nakala kwa mkono wake mwenyewe, maana shamba lile ndilo lililowalea wote wawili.

Rwechungura akasoma, akatii. Alikata mgomba mgonjwa, akachana jani bichi la mgomba, akafuta panga kama walivyofuta babu zake, mpaka likang'aa. Kisha akaugeukia mgomba mzima. Kokusima, aliyekuwa amesimama kando akimtazama, akamdaka mkono.

"Kaka, unafanya nini?"

"Nimesafisha, dada. Si ndivyo ulivyoandika?"

Kokusima akalitwaa panga, akalitazama. Wataalamu walisema kweli, na kaka yake alitii kwa moyo wote. Aliyesimama katikati yao alikuwa yeye, na panga lilikuwa linang'aa huku limebeba mauti.

Akarudi mjini, akakizuia kitabu. Akaandika upya: "Ua vimelea vya ugonjwa. Choma makali ya panga motoni mpaka yasishikike, kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine."

Mchapishaji akaguna. "Mama, sentensi imerefuka kama mkungu. Msomaji atachoka."

"Achoke akiwa na ndizi," alisema Kokusima.

Kitabu kikatoka. Kila shamba likawasha moto wake mdogo, na mapanga yakapita humo yakatoka meusi, hayana sura. Migomba ikasimama. Msimu uliofuata Rwechungura alijitwika mkungu wa kwanza, akapita nao barabara nzima akiimba, majirani wakimpigia vigelegele, akautua mlangoni kwa dada yake. Panga lake lilikuwa kiunoni, limejaa masizi.

Nawe uliyekabidhiwa ukweli uwafikishie wenzako, umewahi kusimama shambani uone mikono yao inafanya nini na neno lako?