Kiboko, Bingwa wa Kuangusha Konokono

Paukwa!

—Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelishwa kiporo? Paukwa!

—PAKAWAAA!

Hapo sawa. Pakawa bonde, bonde likawa na chemchemi, na chemchemi ikapata mwenye tumbo. Ila kwanza niwaombe radhi, jamaa zangu, maana hadithi hii nitaiharibu. Bibi yangu aliijua vizuri, mimi nikasinzia katikati, na pale niliposinzia nimetia ya kwangu. Lakini msihofu. Tangu nianze kusimulia sijazomewa hata mara moja. Hata mara moja! Likumbukeni hilo.

Basi kule bondeni, kila kiangazi wanyama walishindana mieleka. Bingwa alipewa kigoda, na mwenye kigoda ndiye aliyetangulia kunywa chemchemini mpaka mvua irudi. Si neno, kama bingwa ni Swala. Lakini bingwa alikuwa Kiboko, na Kiboko hanywi maji, Kiboko huyaingia. Chubwi! Akitoka, chemchemi imekuwa uji wa tope. Kiangazi kilichopita watoto wa Mama Nguchiro waliulamba uji huo mpaka ndevu zikakakamaa kama sindano, na kitinda mimba wake akaugua nusura afe. Mama Nguchiro, mnyama mwenyewe mfupi kuliko mkia wake, akaapa: "Safari hii wanangu watakunywa maji ya kuonekana chini."

Ataapaje, na Kiboko hajapata kushindwa? Shingoni alivaa shanga, moja kwa kila ushindi, na akitembea zinalia: cha-cha-cha! "Nani kama mimi?" Cha-cha-cha! "Nani aliyeniangusha?" Cha-cha-cha!

Sasa niulizeni, yeye alimwangusha nani?

—Nani?

Konokono! Tena kwa taabu, maana aliteleza. Alimwangusha Popo saa sita mchana, Popo kalala zake. Alimwangusha Kobe, Kobe mwenyewe alikuwa chali tangu asubuhi. Alimwangusha Kinyonga, na Kinyonga wa watu alikuwa bado njiani anakuja!

Ratiba alipanga Kiboko mwenyewe, mnaona? Ikija zamu ya Tembo, anashika tumbo: "Aa, leo sijisikii vizuri. Mpeni Nguchiro." Zamu ya Nyati? "Mpeni Nguchiro." Zamu ya Faru? "Jamani, kwani Nguchiro kasafiri?" Naye Mama Nguchiro anakwenda, kwa sababu asiyefika uwanjani haruhusiwi hata kulamba tope. Anakwenda, anarushwa, puu! Anajikung'uta, anarudi nyumbani. Kwa Tembo hakurushwa hata. Tembo alipumua tu.

Mwamuzi, Mzee Korongo, yeye alitazama shanga. "Shanga ni shanga," alisema, akabadilisha mguu.

Lakini bonde lilikuwa na desturi yake. Siku ya kigoda bingwa huja na manju, mwimba sifa, awataje mmoja mmoja wote walioangushwa. Nyani na ngoma yake hujibu kwa uzito wa jina. Jina zito, NDII! Jina jepesi, ti. Na aliyetajwa akikana, mieleka hurudiwa papo hapo mbele ya watu. Miaka yote manju alikuwa Chura, aliyepiga kelele hata majina yasisikike. Mwaka huu Chura hakuwepo. Kiboko alikuwa amemkalia, kwa bahati mbaya.

Mama Nguchiro akapata njia.

"Hodi kwa Bwana Mkubwa!"

"Nani huyo? Sioni mtu."

"Tazama chini, Bwana Mkubwa. Chini tena. Hapo hapo. Nasikia huna manju. Bingwa bila manju ni harusi bila vigelegele."

"Wewe kijitu unajua kuimba?"

"Tujaribu." Akachukua kibuyu, akaimba: "Kiboko kamwangusha Konokono!" Ti. "Kiboko kamwangusha Popo!" Ti. "Kiboko kamwangusha Kobe!" Ti.

"Mbona kibuyu chako kinakohoa?" akafoka Kiboko.

"Hakikohoi, Bwana Mkubwa. Hicho ndicho kipimo chao."

"Watu watanicheka! Tia jina la kunguruma!"

"Mimi nina sauti tu. Majina ni yako."

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulisikika mpaka ng'ambo: goro, goro, goro. "Tia Tembo," akasema.

"Tembo? We bwana! Ulimwangusha lini?"

"Wewe unataka kuimba au unataka kuuliza? Tembo keshakwenda zake nyuma ya milima, harudi mpaka masika. Nani atamwambia?"

"Nani atamwambia, kweli," akasema Mama Nguchiro. Akaaga. Akashika njia ya milimani mbio, tiki-tiki-tiki-tiki, mpaka miguuni pa Tembo.

"Shikamoo, Baba Tembo."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nisipumue."

"Baba, kuna sherehe bondeni. Jina lako litatajwa."

"Kwa wema au kwa ubaya?"

"Kwa sauti kubwa."

Siku ya kigoda ikafika. Kiboko huyo, kajipaka matope mapya, cha-cha-cha! Chemchemi inameta nyuma yake, na watoto wa Nguchiro wameikodolea macho, midomo imepasuka kwa kiu. Mama Nguchiro akapanda juu ya jiwe. Moyo wake unadunda kuliko ngoma ya Nyani, maana Tembo hajaonekana. Akaanza na wadogo.

"Kiboko kamwangusha Konokono!" Ti. "Kiboko kamwangusha Popo!" Ti. "Kiboko kamwangusha Kinyonga!"

"Nimefika!" akaita Kinyonga kutoka njiani. "Zamu yangu bado?"

Watu hoi kwa kicheko. Kiboko akanong'ona kwa hasira, "Lile kubwa! Toa lile kubwa!"

"Bwana Mkubwa, si tungoje kidogo?"

"TOA!"

Akafumba macho. "Kiboko kamwangusha TEMBO!"

NDIIII! Ngoma ikalia, bonde likatetemeka. Nyani akanyamaza. Bonde likaendelea kutetemeka. NDII. NDII. NDII. Haikuwa ngoma tena.

"Salaam," akasema Tembo, akitokeza kati ya migunga. "Nasikia niliangushwa. Sikumbuki. Pengine nilikuwa nimelala. Bwana Kiboko, hebu nikumbushe, ulinishika wapi?"

Kiboko akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akashika tumbo. "Aa, leo sijisikii vizuri," akasema. "Mpeni Ngu..."

Hakumaliza. Tembo alipiga hatua moja tu. Kiboko akageuka, shanga zikakatika, parararaa! Akakimbia mpaka mto mkubwa wa mbali, chubwi! Hata leo mkipita huko mtamwona kazama mchana kutwa, katoa macho na masikio tu. Anachungulia kama Tembo ameshaondoka.

Mzee Korongo akabaki na kigoda. "Sasa apewe nani? Wewe, Mama Nguchiro, una shanga?"

"Sina hata moja. Nimeshindwa kila nilipocheza."

"Basi shuka kwenye jiwe."

"Nitashuka, mzee, ila niulize nimeshindwa na nani. Tembo!" NDII! "Nyati!" NDII! "Faru!" NDIIII! "Ratiba ya Kiboko mimi ndiye niliyeicheza. Yeye alivaa shanga, mimi nikala vumbi."

"Ni kweli," akasema Tembo. "Nilimwangusha kwa kupumua. Lakini alikuja."

Mzee Korongo akabadilisha mguu, akabadilisha tena, kisha akamwekea Mama Nguchiro kigoda. Watoto wa Nguchiro wakanywa maji ya kuonekana chini, kitinda mimba mbele, glu-glu-glu, na wengine wote wakanywa baada yao maji yale yale, meupe.

Funzo, watoto: mkitaka kuwa mabingwa, shindweni kila siku, ila na wakubwa. Na ukipangiwa mzito, usijitie kimbelembele. Shika tumbo, mpe Nguchiro.

Haya, hadithi imekwisha. Ikiwa tamu tumekula wote, ikiwa chungu nimeipika peke yangu. Na nyinyi mnaojiuliza inakuwaje sijawahi kuzomewa: nimekuwa nikiwasimulia mbuzi wangu, na mama mkwe wangu ambaye husinzia kabla ya paukwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nacheza na wazito. Kwa hiyo zomeeni tu, msimtafute mchawi. Ratiba nilijipangia mwenyewe.