Maji ya Buriani

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge. Nyie wakubwa huko nyuma, msijifiche, hii ni yenu kuliko ya watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na bwawa moja. Wanyama wa hapo walikuwa na desturi yao. Akifa mwenzao, humwosha mle bwawani, chubwi, chubwi, chubwi. Kisha wafiwa na majirani hupiga funda mojamoja la maji yale yale, kumuaga. Ndiyo maji ya buriani. Ukikataa, wanasema huna utu. Naam, wanyama nao walikuwa na utu wao!

Mwaka mmoja tumbo la kuharisha likaingia. Nguchiro akaharisha, akafa. Wakamwosha, wakanywa. Wakafa watoto wa Nguchiro. Wakawaosha, wakanywa. Akafa Sungura na mkewe. Wakawaosha, wakanywa. Lo! Wakawa hawatoki msibani.

Mganga wao alikuwa Nyani. Akapiga ramli, akasema, "Ni Bundi! Kila akilia, mtu anakufa."

Huu! Huu! Maskini Bundi analia hivyo tangu azaliwe, leo kawa muuaji. Wakampiga mawe, pu! pu! pu! Wakamfukuza, wakashangilia. Kulipokucha, akafa Kicheche.

Sasa palikuwa na Bi Paa. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa alipiga funda la kumuaga Sungura, na yeye akaharisha, akafa. Akabaki Kombo, mdogo, ndiye roho ya mama yake. Bi Paa akamwendea Nyani.

"Mganga, Bundi tumemfukuza. Mbona bado tunakufa?"

"Kaacha uchawi wake nyuma."

"Na kama si Bundi? Kama ni maji?"

"Bi Paa! Babu zako waliyanywa hayo."

"Najua, na nawaheshimu. Lakini tujaribu. Nitachimba kisima mchangani, mbali na bwawa. Wengine wanywe huku, wengine kule. Tuangalie nani anaugua."

"Unataka kuwafanyia majaribio marehemu wetu?" Nyani aling'aka. Waliokuwapo wakamzomea Bi Paa, uuuu!

Bi Paa akachimba peke yake. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka kwato zikatoka damu. Maji yakaja. Akanywa yeye, akanywa Kombo. Hawakwenda tena kupiga funda msibani. Wenzao wakaendelea kufa, Kombo akanenepa. Akaruka huku, akaruka kule, hata kikohozi hakimjui.

Bi Paa akapita kila mlango kwa furaha. "Njooni mwone! Mwanangu mzima! Njooni mchote, maji yapo!"

Mnadhani walikuja kuchota? Thubutu! Walikuja, ndiyo, na Ngiri, mkubwa wa msitu, mbele yao.

"Wetu wanakufa, wako ananenepa," akasema Ngiri. "Kwa nini?"

"Kwa sababu hanywi bwawani, mzee wangu! Ndilo ninalowaambia."

"Kwa sababu wewe ndiye unayewaloga wenzake!" Nyani akadakia. "Kama u safi, anywe maji ya buriani mbele yetu. Mtoto wa mama safi hadhuriki."

Na wale waliokwisha kufa, mama zao walikuwa wachafu? Hakuna aliyeuliza. Kundi zima lile, hakuna!

"Nipeni ninywe mimi!" Bi Paa akalia. "Niacheni mwanangu, ndiye huyu tu niliyebaki naye!"

Wakamshika mama. Wakamkokota mtoto bwawani. Gugu, gugu, gugu. Kombo akakohoa, akamtazama mama yake.

"Mama, nimekunywa vizuri? Sasa watatuacha?"

Walipomwachia, Bi Paa akamfuta maji mdomoni.

Tumbo likamshika Kombo siku ya pili yake. Akaharisha, akakauka midomo, akafa amelalia kifua cha mama yake.

Mtasema sasa watajuta. Sivyo! Nyani akapaza sauti, "Mmeona? Si niliwaambia? Ni mchawi kweli!" Wote wakaitikia, "Kweli!" Wakamfukuza Bi Paa hata kabla hajamlilia mwanawe. Kisha wakamchukua Kombo, wakamwosha bwawani, chubwi, chubwi, chubwi. Wakajipanga mstari, wakubwa kwa wadogo. Wakainama, wakanywa.

Watoto, kuuliza si utovu wa adabu. Jambo lijaribuni kabla hamjaliamini, hata kama mmeachiwa na babu, hata kama kalisema mganga. Na nyie wakubwa, mtoto wa jirani akipona, ulizeni kanywa nini, msiulize mama yake kamloga nani. Si ujinga peke yake uliomuua Kombo. Waliokataa kujaribu ndio waliomkokota bwawani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Utamu sina wa kuwaongezea.