Ng'ombe Aulizwa Nchi Yake

Serikali mbili zilichimbia nguzo ya saruji katikati ya malisho ya Wamaasai, na tangu siku hiyo hata nyasi zikawa na uraia. Ng'ombe wa Resiato hakupata habari. Alivuka akila, Sajini Mbwilo akamkamata.

Resiato alikuja mbio, kichanga mgongoni, roho mkononi. "Shikamoo afande, huyo ndiye maziwa ya mwanangu, sina mwingine, nakusihi afande!"

"Kala nyasi za kwetu, ni wa kwetu."

"Na mjomba wangu je? Anakula huku, analala huko. Naye ni wa nani?"

"Huyo hatumtaki. Hana maziwa."

Resiato akaonyesha nguzo. "Basi muulize ng'ombe mwenyewe, afande. Jua likishuka, mwachie hapa nguzoni. Akija kwenu mchukue, wala sitalia."

Sajini, aliyekulia mjini kwa maziwa ya pakiti, alicheka hadi kofia ikamdondoka. Akamwaga rundo la chumvi upande wake, maana ng'ombe gani huikataa chumvi?

Jioni akafungua kamba. Ng'ombe alilamba mara moja, akanusa upepo, akatimka mkia juu hadi mlangoni kwa Resiato, hatua chache ng'ambo ya nguzo.

"Amejuaje nchi yake?" Sajini alifoka.

"Uzalendo, afande. Wengine huzaliwa nao," Resiato alijibu, akaingia ndani upesi. Kando ya kitanda akamfungua ndama wa ng'ombe yule, akamvua na ile kamba ya mdomoni aliyomfunga asije akalia mbele ya serikali.