Farasi Aliyeitwa Hariri

Mtu mmoja alikuwa na farasi alipokuwa mtoto, na hata uzeeni hakuchoka kusimulia habari zake. Mtu huyo jina lake Ndekirwa. Farasi alikuwa jike wa rangi ya kahawia, akiitwa Hariri. Baba wa Ndekirwa alimpata kwa mlowezi aliyekuwa akihama, akamkabidhi mwanawe wa miaka tisa. Wajukuu walijua yote: jinsi Hariri alivyoitambua sauti ya Ndekirwa toka mbali, jinsi pumzi yake ilivyompasha joto viganja asubuhi za baridi, jinsi walivyovuka mto siku ya mafuriko, mtoto ameng'ang'ania manyoya ya shingo na maji yanamfika mnyama tumboni. Hapo mtoni ndipo hadithi ilipokomea. Kila mara.

Siku ya kipaimara ya mjukuu wake aliisimulia tena mbele ya wageni. Dada yake Aikande, mjane aliyekuja toka mbali, alisikiliza mpaka mwisho. Watu wakiwa bado wanacheka, akasema taratibu, "Kaka, umemaliza kabla hajafa."

Kicheko kikakatika. Mjukuu akauliza, "Kwani alikufaje, Babu?"

"Uzee tu," akajibu Ndekirwa, akainua kikombe kisichokuwa na chai.

Haukuwa uzee. Mtunzaji wa Hariri alikuwa kijana mmoja, Loishiye, aliyeshika ufunguo wa ghala la mahindi. Alimfundisha mtoto kwamba farasi hawezi kutapika. Akimeza kinachomdhuru, kama mahindi makavu mengi, kinabaki humo humo. Mtoto alisikia. Lakini alimpenda Hariri kupita kiasi, na asubuhi moja akauchukua ufunguo katika koti la Loishiye, akamwekea farasi ndoo nzima ya mahindi makavu, kisha akaurudisha. Kufika adhuhuri Hariri alikuwa akigaagaa chini kwa maumivu. Jua halijatua, akafa.

Baba akauliza ni nani aliyefungua ghala. Ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja tu. Loishiye akamtazama mtoto aliyejibanza nyuma ya mama yake, akamtazama sana, kisha akainamisha kichwa. Alifukuzwa jioni ile ile, mvua inanyesha, mkewe amebeba kitoto cha kike mgongoni. Aikande, wa miaka sita, alikuwa ameiona ile ndoo mkononi mwa kaka yake. Naye alinyamaza.

Juma moja baada ya kipaimara, Ndekirwa alipanda basi kwenda uwandani, alikosikia kwamba Loishiye alihamia. Aliuliza nyumba hadi nyumba. Mwishowe akaelekezwa kwa mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa ameketi kibarazani akichambua maharage. Ndiye aliyekuwa mgongoni siku ile. Akamweleza mgeni kwamba baba yake alifariki masika iliyopita. Tangu aliposemwa kuwa ameua farasi wa bwana wake, hakuna aliyemwamini tena na mnyama, hata mbuzi. Akaponda kokoto mpaka mikono ikakataa.

Miaka sitini na zaidi maneno yale yalikuwa kifuani mwa Ndekirwa, na sasa yalipotoka yalikuwa machache.

"Ni mimi niliyempa farasi yule mahindi."

"Tunajua, kaka yangu," yule mama akajibu bila ukali, macho yake kwenye ungo. "Baba alisema ulikuwa mtoto tu. Alisema ukikua utakuja. Alikuwa akikungoja."

Akamwonyesha kaburi nyuma ya nyumba.

Ndekirwa aliporudi kwake aliwaita wajukuu, akawasimulia yote, ndoo na ufunguo na mvua. Yule wa kipaimara aliinuka kabla hajamaliza, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyemwomba tena habari za Hariri, wala yeye hakulaumu mtu.

Ninyi mnaonisikiliza, ni nani anayewangoja mseme, na mna hakika gani kwamba bado yu hai?